Sweta za Chini ya Godoro

Mimi nilijifunza kufuma kwa hasira. Wenzangu walifundishwa na mama zao, wengine na masista shuleni, wakiwa wametulia na mikono wamenawa. Mimi nilikuwa nimegombana na mume wangu kuhusu jambo ambalo leo hata silikumbuki, nikatoka nje, nikakaa kwenye ngazi ya jirani yangu Mkuria, nikanuna. Yeye alikuwa anafuma. Akanitazama, akanitupia sindano na uzi mapajani.

"Shika," akasema. "Pigana na hiyo. Hiyo hairudishi."

Sindano zenyewe hazikuwa za dukani. Zilikuwa spoku za baiskeli. Mume wake alikuwa akibeba abiria kwa baiskeli kutoka stendi, na alipobadilisha spoku hakuitupa ile ya zamani. Aliinyoosha, akaisugua kwenye jiwe mpaka ncha ikawa laini, akamletea mkewe. Tulikuwa tunakaa Migori mjini, nyuma ya soko, kwenye ploti ya vyumba vinavyotazamana, na miaka ya tisini ndiyo kwanza ilikuwa imeanza. Jirani hakujua Kijaluo isipokuwa salamu na matusi. Mimi Kikuria sikujua hata neno moja. Tukakutana kwenye Kiswahili, kile chetu cha kuungaunga, na ndani yake tukaishi vizuri kabisa.

Uzi wa dukani tuliuangalia tu. Wetu ulitoka kwenye mitumba. Siku ya soko tulichakura marundo tukitafuta sweta kubwa, zile za watu wanene wa ng'ambo, ambazo kiwiko kimetoboka na hakuna anayezitaka. Tulizifumua pale pale kwenye ngazi, mmoja anavuta, mwingine anazungusha uzi kwenye miguu ya stuli. Uzi uliofumuliwa huwa na mikunjo kama nywele zilizofunguliwa kutoka kwenye msuko, kwa hivyo tuliuosha, tukauanika huku jiwe limefungwa chini, mpaka ukanyooka. Sweta moja ya mtu mnene ilitoa seti mbili za mtoto mchanga: sweta, kofia na soksi. Kofia tulipima kwa papai. Chukua papai lililoiva, la wastani, na hutakosea kichwa cha mtoto.

Kwetu mtoto ambaye hajazaliwa hafumiwi. Au ukifuma, unafuma kimya na kuficha, maana nguo ikimtangulia mwenyewe watu watakuuliza ulijuaje kwamba atafika salama. Lakini akishalia tu, wanawake wanajipanga. Huyu anabeba unga wa wimbi, huyu sukari na sabuni, huyu kuku. Mimi nilibeba seti yangu ndani ya karatasi ya kaki, na nilipoifungua mbele ya watu walisema wooi, hebu angalia mikono hii! Nilikuwa nimekuwa hodari. Sifichi: nilimshinda jirani aliyenifundisha, na yeye mwenyewe alikubali, ingawa kwa shingo upande.

Sasa niseme lile ambalo ploti nzima ililijua. Sikuwa na mtoto. Nilikuwa nimeolewa muda wa kutosha watu kuacha kuuliza na kuanza kunong'ona. Wanawake wengine waliitwa mama fulani, mama fulani. Mimi niliitwa Nyar Rongo, yaani binti aliyetoka Rongo, kama bibi harusi aliyefika jana, na miaka ilikuwa inapita. Na nisikupotezee wakati: sikuzaa hata baadaye. Hii si hadithi ya muujiza. Kama unasubiri nishike mimba kwenye ukurasa wa mwisho, funga kitabu ukapike.

Nilichokitaka kilikuwa kidogo. Nilitaka kumwona mtoto mmoja, mmoja tu, amevaa kitu nilichofuma mimi.

Ilinichukua muda kugundua kwamba sijawahi kumwona. Nilikuwa nimeshagawa seti nyingi, na Migori ya wakati ule haikuwa mji wa mtu kupotea. Watoto niliowapelekea zawadi nilikutana nao kanisani, sokoni, kwenye foleni ya chanjo. Walikuwa wamevaa sufu, tena sufu za watu ninaowajua, pamoja na zile za jirani zenye vitanzi vilivyolegea. Yangu, hakuna. Nikiuliza, naambiwa imelowa. Nikiuliza tena, naambiwa ameshaikulia, na mtoto mwenyewe hata shingo haijakaza. Wakati wote huo walinishukuru sana. Sijawahi kushukuriwa maishani mwangu kama nilivyoshukuriwa kwa zile sweta.

Siku moja nilimuuliza jirani. Tulikuwa tunachambua omena, wale dagaa wa ziwani, kwenye ungo.

"Kwa nini watoto hawavai zangu?"

Hakuinua kichwa. "Unajua."

"Sijui. Sema."

"Unajua, lakini unataka mimi ndio niseme. Haya. Wanaogopa jicho. Wanasema huyu mwanamke hana mtoto, anakaa na uzi kutwa nzima, anafikiria mtoto wa mwenzake. Hayo mafikira yanaingia kwa uzi. Halafu uzi unaingia kwa mtoto."

"Na wewe unaamini?"

"Mimi?" Alicheka, akatupa kichwa cha omena kwa paka. "Ningeamini, ningekufundisha? Mimi na watoto wangu wanne hapa hapa?"

Nilijiambia ni maneno ya Migori, ya watu wa mjini wasiojuana vizuri. Kwa wifi yangu haingekuwa hivyo. Wifi, dadake mume wangu, ndiye aliyenipokea nilipoolewa. Wengine walikuwa wananipima kwa macho, yeye alinishika mkono akanionyesha mtoni, akaniambia nani kwenye boma lile anapenda umbea na nani anapenda chumvi nyingi. Yeye naye akaolewa, akaenda Sindo, kando ya ziwa, na alipojifungua msichana wake wa kwanza nilimfumia seti ya samawati ambayo mpaka leo sijafuma nzuri kama hiyo. Nilizungushia ukingo mweupe. Macho yaliniuma juma zima.

Nilikwenda kuwatembelea mtoto alipokuwa anaanza kutambaa. Usiku alikuwa amelowesha kitanda, na asubuhi wifi akaniomba tushikane tutoe godoro juani. Tukaliinua, yeye upande huu, mimi upande ule. Chini yake kulikuwa na karatasi yangu ya kaki. Ilikuwa imelaliwa mpaka ikawa bapa kama chapati. Sikuhitaji kuifungua, lakini niliifungua. Ukingo mweupe ulikuwa mweupe bado.

Wifi alisimama ameshika kona ya godoro.

"Joto, wifi," akasema. "Huku ziwani kuna joto."

Kupitia mlangoni nilimwona mwanamke wa boma la pili akipita na mtoto mgongoni. Jua lilikuwa kali, kuku wamejificha chini ya ghala, na yule mtoto alikuwa amevishwa kofia ya sufu mpaka kwenye nyusi, na soksi za sufu miguuni. Sisi watu wa ziwa ndivyo tulivyo. Mtoto mchanga kwetu anavaa sufu hata jiwe likipasuka kwa jua. Wifi alimwona pia. Tulitoa godoro nje, nikaweka karatasi juu ya meza, nikaaga kabla ya chakula cha mchana.

Niliumia. Hakuna namna nyingine ya kusema. Wanawake wa Migori walinikasirisha, lakini wifi aliniumiza. Nilirudi nyumbani, nikachomeka zile spoku juu ya dari, nikamwambia jirani mimi na uzi basi, tumeachana, asiniletee tena habari za kofia. Akasema sawa. Hakubembeleza. Yeye si mtu wa kubembeleza.

Nilikaa bila kufuma msimu mmoja wa mvua na kiangazi chake. Mikono ilinikera. Nilisuguasugua sufuria mpaka mume wangu, ambaye alikuwa fundi wa redio na anajua chuma, akaniambia nitazitoboa.

Kisha ikaja habari kutoka kwa mama mkwe, aliyekuwa akikaa nyumbani kwetu upande wa Homa Bay: wifi amejifungua tena. Mapacha. Wavulana wawili, wazima, na mama yao mzima. Siku ya kwenda kuwatoa nje imepangwa, na sisi watu wa upande wa mama yao lazima tufike.

Hapa lazima nieleze, maana si kila mtu anajua. Kwetu mapacha hawapokelewi kimyakimya. Kuzaa wawili kwa mara moja ni jambo kubwa mno, linatisha kidogo, na lazima lipozwe. Baba na mama hukaa ndani. Hawatoki mpaka ndugu wa pande zote mbili waje wawaimbie nyimbo za aibu na wawatukane, na wao watukane vilevile. Matusi ya kweli, si ya kubembelezana. Siku ile mkwe anamtukana mkwe, mjukuu anamtukana bibi, na hakuna anayeruhusiwa kununa. Ukinuna wewe ndiye unayewaletea watoto balaa. Ukimaliza kutukana unakula. Na kila unacholeta, unaleta viwili, sawasawa kabisa. Huwezi kumpa mmoja ukamnyima mwingine, wala huwezi kumpa mmoja chekundu na mwingine cha kijani.

Nilimweleza jirani haya yote huku nikitembea huku na huku kwenye ngazi yake. Alinisikiliza.

"Kwa hivyo siku hiyo mtu anasema anachotaka," akasema.

"Chochote."

"Na huyo anayeambiwa lazima acheke."

"Lazima."

Akainuka, akaingia kwangu bila kupiga hodi, nikamsikia anakokota stuli. Akarudi na spoku zangu zimejaa masizi. "Basi fuma," akasema. "Hutapata siku nyingine kama hii."

Shida ilikuwa uzi. Wa kutosha sweta mbili zinazofanana haukuwapo sokoni, nilichakura mpaka mwenye rundo akanifukuza. Nikafungua sanduku langu. Nilikuwa na sweta moja nyekundu, nzito, aliyoninunulia mume wangu mwaka tulipooana, na ndiyo niliyovaa kila asubuhi ya baridi tangu hapo. Nikatafuta ncha ya uzi kwenye pindo, nikavuta.

Jirani alishika mdomo. "Hiyo ya mwilini mwako? Hao hawataki hata uzi umeshika kwa mkono!"

"Kama wanaogopa," nikasema, "waogope vizuri."

Jioni mume wangu alikuta mguu wa stuli umevaa sweta yake. Akaniuliza baridi ikija nitavaa nini. Nikamwambia nitavaa hasira yangu, ni nzito zaidi. Akacheka, akakaa, akanishikia uzi mpaka ukaisha. Huyo mwanamume ana mambo yake, lakini ile jioni nilimpenda sana.

Nilizifuma zote mbili kwa pamoja, mkono wa hii, mkono wa ile, ili zisipitane hata kitanzi. Nilitaka zivaliwe. Nilikuwa sijitanii tena kwamba natoa zawadi tu, basi, watajua wenyewe. Nilitaka wale watoto wazivae na nione kwa macho yangu, na kama haingekuwa hivyo siku ile, nilijua sitafuma tena na sitakanyaga Sindo tena.

Tulikutana na mama mkwe Homa Bay na wanawake wengine wa nyumbani, tukaenda Sindo pamoja. Mama mkwe ni Msabato wa kweli, wa kutokunywa hata chai, na njia nzima alikuwa akisema yeye anakwenda kuona wajukuu tu. Mambo ya matusi ni ya zamani. Yeye hatamtukana mtu, na akitukanwa atasali. Alikuwa ameshika kikapu chake na Biblia ndani, amekaa wima. Wanawake wakakonyezana.

Tulipofika kwenye boma, watu wa upande wa baba walikuwa wamejaa uani, na mlango wa nyumba umefungwa. Wakatuanza kabla hata hatujatua mizigo. Walituambia sisi ni watu wa kuzaa hovyo kama sungura, kwamba binti yetu amewamalizia nafasi ya kulala. Sisi tukawajibu. Nyimbo zilizoimbwa pale siwezi kuziandika, na si kwa haya, ni kwamba zikikaa kwenye karatasi zinakuwa chafu, na pale uani hazikuwa chafu. Wanaume wazima walicheka mpaka wakashika miti. Mama mkwe alikaa kwenye kiti chini ya upenu, kikapu mapajani, macho ameyaelekeza ziwani. Alikuwa anasikia kila neno, maana nilimwona akiuma mdomo asicheke.

Kisha mtu akanisukuma. "Nyar Rongo! Umekuja kutalii? Mtukane wifi yako!"

Nilijua wanalotazamia: kwamba nitasema jambo dogo la heshima, nikae, maana mwanamke kama mimi siku ya mapacha anavumiliwa tu. Nilikwenda mpaka mlangoni. Nikagonga ule mlango kwa kiganja.

"Wewe wifi!" nikasema. "Tumbo kama mtumbwi uliopinduliwa! Nani alikuambia uzae wako na wangu pamoja? Mmoja humo ni wangu, mwizi wewe, ulipitia kwangu ukamchukua!"

Hakuna aliyecheka. Lakini nilikuwa nimeshaanza, na mimi nikianza sijui pa kusimama.

"Na sweta yangu! Niliuumiza mgongo nikakufumia sweta, ukailalia! Ukailalia kama kuku kwenye mayai, usiku na mchana, wewe na mumeo juu yake! Haya, imeangua nini? Si imeangua mapacha? Mnasema mkono wangu ni mkavu. Mkono mkavu gani huu, ukilaliwa tu unatoa wawili!"

Halafu mzee mmoja wa upande wa baba akapiga yowe la kicheko kama mtu aliyechomwa, na ua wote ukalipuka. Wanawake walijitupa kwenye nyasi. Mmoja akapaza sauti, "Nifumie na mimi niilalie!" nikamjibu ng'o, yangu sasa ni ya kuvaliwa, kulaliwa kumekwisha. Nilikuwa nacheka na machozi yananitoka, na sikuyafuta.

Mlango ukafunguliwa kidogo. Wifi hakutakiwa kutoka bado, lakini alitoa uso. Alikuwa amenenepa, amechoka, nywele zimesimama. Ilikuwa zamu yake kunitukana, na kila mtu alikuwa akimngoja.

"Na wewe," akasema, "mdomo mrefu kama wa kamongo!" Watu wakashangilia, kamongo ni samaki ambaye hata mama yake hamsifii sura. "Ndiyo, nililalia! Niliogopa! Kila siku nilisema kesho nitamvisha, na kesho nikaogopa tena. Na unajua nani aliniambia nisimvishe? Mtukane yeye, si mimi! Ni huyo mama mkwe wako, mtakatifu wa Jumamosi, huyo hapo na kikapu!"

Wote tukageuka. Wengine walikuwa wanacheka bado, lakini kicheko kilianza kupungua, kwa sababu mama mkwe alikuwa amesimama. Aliweka kikapu chini. Alinitazama kwa muda mrefu, na mimi sikuinamisha macho.

"Mimi ni Msabato," akasema. "Situkani mtu."

Tukangoja.

"Lakini mwanamke mzee aliyemwambia binti yake maneno yale alikuwa mpumbavu," akasema, "mpumbavu wa kichwa mpaka kisigino, na matako yake yamekauka kuliko mkono wa mtu yeyote hapa."

Sijawahi kusikia kelele kama zile. Msabato amesema matako! Watu walikimbia kuzunguka nyumba. Yeye hakucheka. Alikuja mpaka mlangoni nilipo, akanishika kiwiko, na kwa sauti ya chini ambayo ni mimi tu niliyeisikia akaniambia, "Nisamehe, mwanangu." Kisha akaingia ndani, akatoka na watoto wawili, kila mmoja kwenye mkono wake, wamefungwa kwa leso zinazofanana.

"Ziko wapi?" akauliza.

Nilifungua karatasi. Wifi, akiwa kizingitini, akasema, "Wavishe wewe mwenyewe."

Hebu fikiria. Nilikuwa nimefuma shingo na mikono ya watoto miaka mingapi, na sikuwahi kuvisha mtoto sweta. Kofia nilipima kwa papai, lakini papai halina mikono inayokataa kuingia. Yule wa kwanza alikunja ngumi yake na sikujua nimfungueje. Nilikaa chini uani, mtoto mapajani, jua la saa saba linatuchoma, wanawake wote wamesimama juu yangu wakinielekeza kwa pamoja. Tia mkono wako kwa chini! Vuta kutoka ndani! Si hivyo, utamvunja! Shingo ilikuwa imebana kidogo. Akapiga kelele, uso ukawa mwekundu kama sweta, kisha kichwa kikatokea juu, na akaacha kulia ghafla, akatazama hewani kama mtu anayeuliza niko wapi. Wa pili nilimvisha haraka zaidi. Nilikuwa nimeshajua.

Baba na mama yao wakatolewa nje, tukala, tukaimba tena. Watoto walilala ndani ya sufu nyekundu, wametokwa na jasho puani kama watoto wote wa ziwani. Nilifurahi sana siku ile. Lakini njiani kurudi Migori niliingiwa na wasiwasi, na nilimwambia jirani hivyo hivyo nilipofika: waliwavisha kwa sababu ilikuwa siku ya mapacha. Siku ile kila mtu hulazimika kufanya kila kitu. Wakishaondoka watu, mlango ukifungwa, nani ajuaye? Godoro bado liko pale pale.

"Wewe hutosheki," jirani akasema.

"Sitosheki," nikasema.

Miezi ilipita. Sikwenda Sindo, niliogopa kwenda. Sikutaka kuinua lile godoro tena. Jirani alinipa uzi, nikafuma kidogo, nikafumua, nikafuma tena bila kumpa mtu.

Wifi ndiye aliyekuja. Asubuhi moja, wakati wa mvua, alitokea kwenye ploti bila taarifa, mtoto mmoja mgongoni, mwingine kifuani, viatu vimejaa matope mpaka juu. Alikuwa amekuja mjini kwa shughuli zake na akaamua kupitia. Hakunisalimia. Kitu cha kwanza nilichoona si uso wake, ni sweta. Zilikuwa zimepauka, wekundu umekuwa rangi ya maini. Viwiko vyote vinne vimetoboka. Kifuani uji umekaukia juu ya uji wa zamani. Mkono wa mmoja ulikuwa umeanza kufumuka na mwenyewe alikuwa anatafuna uzi.

"Wifi," akasema, akiwa bado mlangoni, na alikuwa amekasirika kweli, "wewe ni mfumaji gani? Hizi shingo ulizifumia nani, mjusi? Huyu mkubwa napigana naye kila asubuhi! Analia mpaka majirani wanafikiri namfinya. Nifumie zingine, kubwa, na shingo uiachie!"

Nilisikia jirani akicheka nyuma yangu. Nikamchukua yule aliyekuwa kifuani, akanipaka makamasi begani, nikapaza sauti nikawaita wanawake wa ploti nzima watoke waje waone uchafu huu, waone viwiko hivi, waguse. Wifi aliendelea kulalamika. Alikuwa na maneno mengine kuhusu mikono, na kuhusu soksi kupotea, lakini mimi sikuyasikia. Nilikuwa nimesimama katikati ya ua na mtoto mzito mikononi, nikirudia moyoni lile neno alilolisema bila hata kufikiri. Kila asubuhi.